Bahasha ya Picha Zilizotikisika

Nyumbani,
Chumba cha mbele, meza ya dirishani.
Jumamosi, tarehe 14 Juni.
Asubuhi: mawingu mepesi, upepo kidogo, jua lilitokea saa tatu kasorobo likajificha tena.

Mpendwa mdogo wangu Kishada,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Habari za siku nyingi? Wifi yangu hajambo? Na yule bibi mdogo mwenye maswali, jino la mbele limeshaota au bado anapiga mluzi kila akisema "shangazi"? Na wewe mgongo umepoa? Uliniandikia kwamba unaamka umekakamaa kama ubao. Usijikaze, nenda ukaonwe.

Sisi huku tunaendelea vizuri. Mama goti linamsumbua asubuhi, ikifika saa nne analisahau na kuanza kusogeza makabati. Mimi ni mzima, isipokuwa vidole vyangu vitatu vimeingia rangi ya kahawia isiyotoka hata kwa sabuni ya kufulia. Sababu yake utaiona huko mbele. Baba mwili anao, macho ndiyo yaliyochoka. Ni mtoto wa jicho, kote kuwili. Hilo nitalieleza mahali pake, maana nimeyapanga mambo ya barua hii kwa namba kwenye karatasi ya pembeni, na Baba ni namba nne. Cheka tu. Ni wewe uliyenibandika jina la Karani.

Barua yako niliipokea tarehe 20 Mei na nimeisoma mara nne. Ile habari ya shule ndiyo iliyonikosesha raha. Mwalimu aliwaambia watoto kila mmoja alete picha ya mzazi wake alipokuwa mdogo, wazibandike ukutani. Wenzake wakaenda na picha. Wako akaenda na karatasi aliyoichora mwenyewe: fremu nzuri ya penseli, yenye maua kwenye pembe, na katikati hakuna mtu. Uliiandika kwa utani. Ukasema mwanao amechora sawasawa, kwamba katika nyumba ile wewe ulikuwa fremu tu. Mimi sikucheka.

Najua kilichokuwa chini ya utani ule. Ni yale yale ya jioni kabla hujasafiri. Ulitaka picha moja ya kwenda nayo. Ukaifungua albamu ya jalada jekundu, ukapekua kurasa zote, ukamkuta Mama, ukanikuta mimi, mimi tena, hata paka wa jirani yumo mara mbili. Wewe ulijikuta sikio moja na nusu bega, pembeni mwa picha ya siku niliyopewa zawadi shuleni. Ukamgeukia Baba ukamwambia, "Mpiga picha mzima! Mji mzima umeupiga, mwanao tu ndiye hukumwona?" Baba akainamia kamera akawa anafuta lenzi isiyokuwa na vumbi. Asubuhi ukaondoka bila kumuaga, na huu ni mwaka wa kumi na moja salamu zako zinaishia kwa Mama.

Basi nilipomaliza kuisoma barua yako mara ya nne nikasema lazima nimtafutie mtoto picha, hata kama ni ya sikio. Nikakumbuka mikia.

Unaikumbuka mikia? Filamu moja ilikuwa na picha thelathini na sita. Baba dukani alipiga wateja hadi ya thelathini na tatu, akasimama. Tatu za mwisho zilikuwa zetu, na hizo ndizo alizoziita mikia. Jumamosi jioni alirudi na kamera shingoni, akavua viatu, akakaa kama mtu asiye na habari. Mara unasikia kla! Ukigeuka, yeye ameshageukia dirisha anauliza chai iko wapi. Wateja aliwaambia nyoosha shingo, tabasamu, usipepese. Sisi hakutuambia kitu. Mama alikuwa akimfokea, "Wewe mwanaume, unanipigaje picha na taulo kichwani? Watu wakiiona watasema nini?" Naye anamjibu, "Watasema umeoga."

Flashi nyumbani hakuitumia. Alisema flashi inawatoa watu mahali walipokuwa. Alingojea mwanga wa dirishani, na kwa kuwa mwanga huo ni mchache, kamera ilibidi ikae jicho wazi kwa muda. Aliyetulia alitoka safi. Aliyepita alitoka kama moshi.

Jumatano tarehe 28 Mei (manyunyu tangu alfajiri, yalikatika saa sita) nilipanda kiti nikalishusha lile bati la biskuti juu ya kabati la stoo. Mikia yote imo, imekatwa vipande vya picha tatu tatu, kila kipande na karatasi yake ya tarehe. Nikaegemeza negativu kwenye kioo cha dirisha, moja baada ya nyingine, nikavuta kiti nikakaa.

Sijui nikuelezeje saa ile. Kwenye negativu kila kitu kimegeuzwa. Mimi wa miaka kumi nina nywele nyeupe pe. Mama ni kikongwe mwenye meno meusi, amebeba ndoo iliyojaa giza. Nje manyunyu yalikuwa yakianguka kimya kimya, na matone yakateremka nyuma ya nyuso zetu bila kutulowesha. Nikaona kama kwamba sote tulizaliwa wazee, tukawa tunarudi taratibu kuelekea utotoni, tukiongozana, Mama mbele na ndoo yake. Nilikaa hivyo hadi chai yangu ikapoa. Chai yangu huwa haipoi; nililiandika hilo kwenye daftari.

Wewe humo hukuwemo. Nilipofika chini ya bati, chini ya vipande vyote, nikakuta bahasha ya kaki, nene, imeraruka pembe moja. Juu yake pameandikwa kwa wino wa bluu, herufi kubwa, zimepigiwa mstari kwa rula: MBOVU. ZISISAFISHWE.

Mwandiko ulikuwa wangu.

Nikaenda kwenye sanduku la madaftari. Ninayo yote tangu nilipokuwa na miaka kumi na miwili, unajua. Nikatoa la mwaka nilipokuwa na kumi na minne na wewe tisa. Nakunakilia kama lilivyo, sijabadili hata nukta:

"Jumapili, tarehe 18 Aprili. Asubuhi jua kali. Leo nimemaliza albamu. Baba kanunua yenye jalada jekundu, akasema niipange mimi kwa sababu nina mkono wa kupanga vitu. Nikamwuliza niweke zipi. Akasema, weka unazozipenda. Nimeweka zilizotulia tu, 112. Zilizotikisika 61 nimezitia kwenye bahasha. Kishada yuko kwenye mbovu karibu zote kwa sababu hakai. Akitaka kutokea kwenye albamu ajifunze kukaa. Nimelala saa tatu na nusu."

Ndiyo hayo, mdogo wangu. Albamu haikupangwa na Baba. Ilipangwa na mimi. Niliambiwa niweke ninazozipenda, nami nikapenda zilizonyooka, kama nilivyopenda kila kitu kinyooke. Jioni ile ulipokuwa ukimwuliza Baba, nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. Nilikusikia neno kwa neno, nikakuonea huruma, nikamlaumu Baba moyoni. Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau kabisa, mimi ninayeandika hata siku paka wa jirani alipozaa. Sijui kama kusahau ni udhuru. Sikuandikii ili unihurumie, nakuandikia ujue.

Nimezihesabu upya. Ni 61 kweli. Wewe umo kwenye 53. Mimi katika albamu nzima nimo 29. Hakuna mtu Baba aliyempiga picha mara nyingi kuliko wewe.

Kwenye moja Mama anaanika mashuka uani. Mashuka yametulia, Mama ametulia, na katikati kunapita kitu chenye miguu minne au sita. Kwenye nyingine mimi nimekaa mezani nafanya hesabu, nimenyooka kama msumari, na juu ya bega langu mkono wa moshi unachukua kifutio. Nimetazama daftari: siku ile kifutio changu kilipotea na nililia. Mwizi nimempata na ushahidi ninao. Kuna ile ya kuoga kwenye karai, kichwa chako kimekuwa vichwa vitatu vilivyoshikana na maji yamesimama hewani kama nyuzi. Na kuna moja ambayo ukiitazama haina mtu, ni mlango wa nyuma unaofunguka na mwanga umelala sakafuni. Niliitazama muda mrefu kabla sijaona, chini kabisa kwenye kona, kisigino kimoja. Baba alikuwa amechelewa kidogo tu.

Sasa namba nne.

Baba nilimkuta uani kwenye kiti chake, ameuelekeza uso mahali jua lilipo. Siku hizi anatujua kwa hatua zetu. Nikamwekea bahasha mapajani nikamwuliza kama anaijua. Akaipapasa. Kidole kikafika kwenye pembe iliyoraruka, kikasimama.

"Karani," akasema, "umechukua muda kuifungua."

"Kumbe ulijua?"

"Filamu zile nilizisafisha mimi. Nisijue zilizokosekana?"

Nikamwambia, "Baba, mbona jioni ile hukumwambia kwamba albamu niliipanga mimi? Mtoto amekukasirikia miaka yote hii kwa kosa langu!"

Aliizungusha ile bahasha mara mbili, kama anatafuta upande wa juu. Halafu akasema, "Alikuwa ameshanikasirikia mimi. Hasira yake ilikuwa imeshapata pa kukaa. Ningekutaja, ingetukaa wote wawili. Huko aendako barua angemwandikia nani? Nikaona afadhali akose baba, abaki na dada."

Aliyemjibu ni Mama, kupitia dirisha la jikoni, na kumbe alikuwa akisikiliza tangu mwanzo.

"Si ungesema ni mimi! Mimi angenisamehe kabla hata chai haijachemka!"

"Hukuniambia," Baba akasema.

"Nikuambie saa ngapi, na ulikuwa umenyamaza kama mlango?"

Wakazozana kidogo, kama kawaida yao, na mimi nikapata nafasi ya kufuta macho. Baadaye nilimwuliza kitu kimoja zaidi: kwa nini aliendelea kukupiga kila Jumamosi na alijua utatikisika tu. Akasema, "Kutwa nzima dukani ninawaambia watoto wa watu, tulia, usitikisike. Nikifika nyumbani nimwambie na wangu?"

Basi nikaazimia kuzisafisha. Kukutumia negativu kungekuwa kukutumia wewe mwenye meno meusi, na mtoto angeota ndoto mbaya.

Mashine ya kukuzia ipo, Baba aliifunika blanketi siku duka lilipofungwa na hakuna aliyeigusa. Karatasi zilikuwepo pakiti moja, haijafunguliwa. Kilichokosekana ni dawa. Hapo ndipo alipoingia jirani yetu Fundi wa Mifupa, yule wa eksirei hospitalini. Unakumbuka alivyokuwa akimtania Baba kwamba wao ni fani moja, ila yeye anawapiga watu kwa ndani? Hospitali imebadilisha mashine, filamu hazitumiki tena, na dawa ilibaki imekaa kwenye madumu. Akaomba moja, akaandikiwa ruhusa (karatasi nimeiona), akalibeba hadi mlangoni kwetu akihema.

"Mzee," akamwambia Baba, "dawa hii imezoea mbavu. Watoto wako wakitokea bila nyama usinilaumu."

"Yule mmoja hakuwa na nyama tangu zamani," Baba akasema. Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyomsikia akikutaja kwa mzaha tangu uondoke.

Jumamosi iliyopita, tarehe 7, saa nane mchana, tulijifungia bafuni kama zamani. Blanketi dirishani, kitambaa chini ya mlango, ile balbu nyekundu bado inawaka. Masinia matatu nimeyapanga kwenye ubao juu ya karai, kushoto kwenda kulia, nikayaandika namba. Baba akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Huko nje ni mimi ninayemshika mkono asijikwae. Mle ndani yeye ndiye aliyenishika mimi. Giza halimpunguzii kitu. Sinia la pili alilijua kwa harufu yake ya siki, na muda akauhesabu kwa mdomo, polepole, moja, mbili, tatu, kwa sauti ile ile aliyotumia tulipokuwa tunangoja zamu ya kuoga nje ya mlango na Mama anapiga kelele kwamba maji yanapoa.

Karatasi ilikaa ndani ya dawa, tupu. Nikadhani dawa imekufa. Baba akafika ishirini na mbili. Pakatokea doa, nikadhani ni kivuli cha mkono wangu. Doa likawa nywele. Halafu bega, halafu mkono uliojaa vidole kumi na kitu. Katika ile taa nyekundu, polepole, kama mtu anayekumbuka jina, ulitokea.

Karatasi zimezeeka, kwa hiyo nyeupe yake si nyeupe tena, ni rangi ya majivu. Kila picha inaonekana kama imepigwa alfajiri yenye ukungu, hata zile ambazo daftari linasema jua lilikuwa kali.

Ya kwanza ilipotoka, mkono wangu ulikwenda wenyewe kuiweka upande wa zilizoharibika. Miaka ishirini na sita na mkono haujajifunza. Baba akauliza, "Imetulia?"

"Haijatulia, Baba. Niirudie?"

"Niletee."

Tulipoisuuza kwa maji nilifungua mlango. Akasimama kwenye mwanga, akaileta picha hadi ikagusa pua yake, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia, kama anainusa.

"Siku hizi," akasema, "ninyi nyote mmetikisika. Wewe, mama yako, hata hiyo ndoo. Huyu peke yake yuko vilevile nilivyomwacha."

Tulifanya kumi na moja siku ile. Ya kumi na mbili niliiacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu ilinishinda kuielewa. Kwenye karatasi ya tarehe niliandika kwa mkono wangu wa kitoto: "Na. 36. Mimi nimeharibika." Ulikuwa na miaka saba.

Ni uani. Ukuta wote umekuwa mistari. Mama ni mistari pamoja na mashuka yake. Mimi nimesimama na vitabu vyangu, sina uso, nimefutwa kama ubao wa darasani. Na katikati ya vitu vyote hivyo vinavyokimbia, wewe umetulia. Hata kope zako zinahesabika. Kifungo cha pili cha shati kimekatika na uzi unaning'inia. Mdomo uko wazi, unacheka, na pengo la mbele ni lile lile la mwanao. Miguu yote miwili iko hewani.

Nikamwambia Baba, "Hii sielewi. Nyumba nzima imetikisika, yeye tu hakutikisika."

Akaniuliza, "Miguu iko juu?"

"Yote miwili."

Akacheka, mdogo wangu, kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau, kile cha kuinamisha kichwa. "Nilichoka kumngojea atulie," akasema. "Siku ile nilikimbia naye."

Alikimbia sambamba na wewe uani kote, kamera jichoni, mtu mzima na suruali yake ya dukani, mwendo wake na wako mmoja, ndiyo maana wewe ukatulia na dunia ikapita. Mwisho wa ukuta akajikwaa kwenye karai. Lile kovu la gotini ambalo miaka yote alimwambia Mama ni la baiskeli, ndilo hilo. Mama sasa anajua, na amelikasirikia upya kana kwamba linatoka damu.

Picha zote kumi na mbili nimezitia humu, nimeziwekea karatasi laini katikati zisigandane. Na. 36 nimeisafisha mara mbili, moja ya ukuta wa shule na moja yako. Wakimwuliza mtoto ile mistari ni nini, aseme ni nyumba ya babu yake. Na yule aliyefutwa, mwenye vitabu, aseme ni shangazi. Zilizobaki 49 nitakuwa nakutumia kumi kumi, karatasi zikinitosha.

Baba hakutaka nikueleze habari ya albamu. Aliniambia nikutumie picha tu, niseme zilikuwa zimepotea na yeye ndiye aliyeziona. Nimemkatalia. Kunibebea miaka kumi na moja kunatosha. Sasa unalijua la kwake na unalijua la kwangu. Kama hasira itahamia kwangu, ije, mahali pa kuiweka nitapata. Kama utaninyamazia nitajua ni kwa nini, na kila tarehe moja nitaendelea kuandika kama kawaida, maana mimi barua zako ndizo ninazozihesabu mwaka unapokwisha. Mwaka jana zilikuwa tisa.

Nakutajia na haya, nakutajia kama karani. Baba atafanyiwa jicho la kulia Alhamisi, tarehe 26 ya mwezi huu, saa mbili asubuhi. Daktari hakuahidi kitu. Amesema jicho limekaa muda mrefu, tutajua bandeji ikitoka. Bandeji itatoka Ijumaa tarehe 27, saa tatu asubuhi. Kitanda ni cha tatu kutoka dirishani, nimekwenda kupaangalia. Atakayesimama upande wa kulia ndiye atakayeonekana wa kwanza. Mama ameshasema yeye atasimama kushoto, na mimi nitakaa mlangoni.

Baba hana ujumbe. Ila juzi nilisikia anamwagiza Fundi wa Mifupa amtafutie filamu moja, nyeusi na nyeupe. Nilipomwuliza atampiga nani, akageukia dirisha akauliza chai iko wapi.

Nisalimie wifi yangu, mwambie kile kitambaa alichonitumia nimekishona na kinanikaa. Mbusu bibi mdogo kwenye lile pengo. Mama anakusalimu, anasema kwa mgongo huo usilale kifudifudi. Fundi wa Mifupa anasema ukija atakupiga mgongo huo kwa ndani, ila itabidi utulie.

Mungu akulinde njia zote unazopita, na awape nyumba yenye amani na mtoto mwenye afya, na mwanga mzuri dirishani.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nilipokuwa sijui kukupanga,

Karani.

Jumapili, tarehe 15. Asubuhi ukungu, hakuna upepo. Naongeza haya kabla ya kugandisha bahasha. Jana nilipozima taa nilimsikia Baba chumbani kwake bado yu macho, anahesabu polepole, kama mtu anayengoja picha itokee. Nilimsikiliza hadi akavuka mia mbili. Nimelala saa sita na dakika ishirini.